Keekee Haiviringishwi kwenye Kiroba

Hapa Mafinga, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ninakodisha vifaa vya shamba, na keekee za kuchimbia mashimo hunirudia zikiwa zimefungwa kwa kila namna: kwenye kiroba cha mbolea, kwenye khanga iliyochakaa, kwenye boksi lililokatwa na kuzungushiwa kamba ya katani. Mteja anayenirudishia keekee ya namna hiyo huamini kwamba amefanya jambo la uangalifu, nami humshukuru kwa nia yake kabla ya kumweleza kwamba afadhali angeiacha wazi. Keekee iliyo wazi kila mtu anaiona na kuikwepa, ilhali iliyofungwa kwenye kiroba inaonekana kuwa mzigo kama mizigo mingine, na mtu huishika, huikalia au huiegemea bila wasiwasi wowote. Kiroba huyaficha makali pasipo kuyazuia, na kwa sababu hiyo mimi nakihesabu kuwa hatari na wala si kinga.

Kwa msomaji ambaye hajaitumia mashine hii, keekee ya udongo ni fimbo ya chuma iliyozungukwa na bati la msokoto, yenye ncha ya parafujo katikati ya upande wa chini na visu viwili vilivyofungwa kwa boliti pembeni mwa ncha hiyo. Ncha hushika ardhi, visu hukata, na msokoto hupandisha udongo juu. Katika ukanda huu, kuanzia Mufindi hadi Njombe, watu huitumia kuchimbia nguzo za uzio, na siku hizi hata kuanzishia mashimo ya miche ya parachichi, ingawa shimo la sentimita 60 kwa 60 linalopendekezwa kwa mche huo bado hulazimika kumaliziwa kwa jembe na sururu. Injini inayoizungusha huvutia macho ya watu kwa sababu ya kelele na moshi wake, lakini injini ikishazimwa imemaliza vitisho vyake. Visu havizimwi.

Wazo la kutengeneza vifuniko vya maana nililipata kutoka kwa watu ambao hawajapata kuchimba shimo la mparachichi. Finland, nchi ambayo wakulima wengi wa miti wa nyanda hizi waliifahamu kupitia Panda Miti Kibiashara, programu ya upandaji miti iliyoifadhili kuanzia mwaka 2014, ina maziwa mengi ambayo huganda juu wakati wa baridi, na wenyeji huyaendea kwa miguu, wakatoboa barafu na kuvua samaki kupitia tundu hilo. Kifaa chao cha kutobolea ni ndugu wa keekee zetu, cha kuzungushwa kwa mkono, kwa injini ya petroli au kwa betri. Tofauti kubwa iko kwenye visu. Udongo hukatwa na kuchimbuliwa kwa pamoja, kwa hiyo visu vyetu ni vinene na hustahimili mizizi na changarawe, lakini barafu hukwanguliwa tabaka kwa tabaka, na kazi hiyo hutaka kisu chembamba chenye makali ya wembe, ambacho kikigusa mchanga au jiwe mara moja tu huweza kuharibika. Mvuvi wa huko akienda na kisu kibovu atazungusha mkono hadi achoke na barafu isitoboke.

Kwa sababu hiyo keekee ya barafu huuzwa mara nyingi ikiwa na kifuniko chake cha plastiki ngumu, kinachobana upande wa chini wote na kushikiliwa kwa mkanda wa mpira, na mvuvi mwenye akili hakivui mpaka awe amesimama mahali atakapotoboa. Kifuniko hicho humfanyia kazi mbili kwa pamoja, yaani humlinda mtu asikatwe na hulinda makali yasiguse kitu. Huku kwetu kazi ya pili haina uzito mkubwa, kwa kuwa udongo wenyewe utavila visu hivyo hata tukivifunika kwa hariri, na ninadhani hapo ndipo dharau ilipoanzia. Mtu huona kwamba visu vimeshakuwa butu, basi hafikirii kuna cha kufunika.

Naomba nikae kidogo kwenye suala hilo la ubutu, kwa kuwa ndilo ninalobishana nalo mara nyingi zaidi. Kisu cha keekee kilichotumika kwenye ardhi yenye mawe hakiwi butu sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, bali hupata mapengo, na kwenye kingo za mapengo hayo hubaki vijino vya chuma vilivyojikunja. Kisu kikali hukata ngozi kwa mstari mmoja ulionyooka, lakini kisu chenye vijino huchana, na jeraha lililochanika hupona kwa shida. Zaidi ya hapo, kisu hicho kimetoka ardhini, na vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo. Mtu aliyechanwa na keekee yenye udongo anapaswa kubana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikatike, kulisafisha kwa maji safi mengi, kisha kwenda kwenye zahanati au kituo cha afya kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha lenyewe ni dogo.

Niliwahi kuwapo stendi wakati keekee iliyofungwa kwenye kiroba ilipokuwa ikishushwa kutoka kwenye buti la Coaster. Konda aliuvuta mzigo huo kwa mikono yote miwili, kama anavyovuta gunia lolote, na kijana aliyekuwa naye akamwambia, «Kaka, angalia, kuna chuma humo.» Alipotazama, kisu kilikuwa kimeshatoboa kiroba na kutokeza karibu na kidole gumba chake. Hakuumia. Alichouliza baadaye ndicho hasa kinachonifanya niandike haya: aliuliza ni nani aliyeufunga mzigo ule. Mwenye keekee anajua makali yako wapi na huishika kwa uangalifu hata akiwa amechoka, lakini wanaopata madhara ni wale ambao hawakuifunga, kama vile mpakiaji, abiria aliyeketi karibu, mke anayefagia stoo na mtoto anayetafuta mpira wake.

Kifuniko ninachotengeneza mimi kina sehemu mbili. Ya ndani ni vipande vya mpira wa maji ule mnene wa kumwagilia bustani, vilivyokatwa kwa urefu wa kila kisu na kupasuliwa upande mmoja kwa urefu wote, ili viweze kuvishwa juu ya makali. Mpira huo hupasuliwa ukiwa umelazwa juu ya ubao, kisu cha kupasulia kikielekea mbali na mkono unaoshika. Mpira peke yake hautoshi, kwa sababu visu vya keekee vimekaa kwa mwinamo na mpira hupenda kuteleza kuelekea nje, hasa ukilowa, kwa hiyo huufunga kwa ukanda uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, ukipita nyuma ya kisu na kurudi mbele.

Sehemu ya nje ni ndoo. Ndoo ya rangi ya lita 20, ambayo mafundi wa nyumba huitupa au kuiuza kwa bei ndogo, ikikatwa na kubakizwa kitako chake na kuta za urefu wa shubiri moja hivi, huipokea vizuri keekee ya sentimita 20 au 25. Kwa keekee nyembamba zaidi, ndoo ndogo au kipande cha bomba nene la plastiki lenye kifuniko chake cha mwisho hufaa, mradi kiwe na nafasi kidogo pande zote, kwa maana chombo kinachobana sana hulazimisha mtu kusukuma, na kusukuma karibu na makali ndiko tunakokukimbia. Ndani ya kitako ninaweka kipande cha tairi, kile wanachokatia katambuga, kikiwa na tundu katikati ambamo ncha ya parafujo hukaa na kutulia. Bila kipande hicho, ncha hutoboa kitako cha ndoo kwa mtikisiko wa safari moja tu ya barabara ya vumbi. Kwenye kuta natoboa matundu matatu na kupitisha mipira yenye kulabu, ile ile ambayo waendesha bodaboda hufungia mizigo, nayo hunasa kwenye bati la msokoto juu ya visu. Mwishoni natoboa matundu madogo kwenye kitako ili maji yapate pa kutokea.

Namna ya kukivika kifuniko ina uzito kuliko namna ya kukitengeneza. Injini izimwe, keekee iachwe isimame kabisa, kisha kipira cha plagi kichomolewe, au betri itolewe kwa mashine za betri, na pini inayounganisha keekee na injini itolewe ili fimbo iwe peke yake. Udongo uondolewe kwa kijiti na brashi, kamwe si kwa vidole. Mipira ya ndani huvishwa keekee ikiwa imelala chini na imezuiwa isibiringike, mtu akiwa amevaa glavu za ngozi na kuanzia upande wa nyuma wa kisu. Baada ya hapo, ndoo iwekwe chini, na keekee inyanyuliwe kwa kushika sehemu ya juu ya fimbo, ishushwe taratibu ndani ya ndoo mpaka ncha iingie kwenye tundu lake. Mkono haupeleki kifuniko kwenye makali, bali makali ndiyo yanayoletwa kwenye kifuniko, na wakati wote mikono iko mbali kwa urefu wa fimbo nzima. Wakati wa kuvua, kulabu hufunguliwa, mguu wenye buti hukanyaga ukingo wa ndoo, na fimbo hunyanyuliwa. Nimewaona watu wakikishika kifuniko kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, wakivuta kana kwamba wanang'oa muhogo, na kifuniko kinapoachia ghafla mkono hauna breki.

Kisha kuna suala la unyevu. Wavuvi wa barafu wana taabu ya kwao, kwani maji yaliyobaki kwenye visu huganda ndani ya kifuniko na kukishikamanisha na chuma, kwa hiyo huvikung'uta na kuvifuta kwanza. Sisi hatugandishi vifuniko, hata kama asubuhi za Juni na Julai huko Makete huamkia jalidi nyeupe kwenye majani, lakini ukungu wa Mufindi unaweza kukaa siku nzima na chuma kilichofungiwa kikiwa na maji hupata kutu upesi. Visu vifutwe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, kisha vipakwe oili nyepesi kidogo. Ndiyo maana sipendi vifuniko vya ngozi kwa vifaa vinavyowekwa muda mrefu, ingawa vinapendeza macho, kwa sababu ngozi hunywa maji na kuyatunza karibu na chuma.

Kanuni hiyohiyo inafaa kwa panga, ambalo linahitaji ala ya mbao au ya bomba bapa la plastiki lenye kufungwa kwenye mpini, na kwa fyekeo, ambalo sijui kwa nini hatulifuniki kabisa. Chensoo huja na kifuniko chake cha upanga, ule ubapa unaobeba mnyororo, kutoka dukani, na mafundi wengi ninaowafahamu wa kuvuna misonobari na mikaratusi hawajui kilikokwenda.

Safarini, keekee iliyofunikwa hulazwa kwenye sakafu ya kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, upande wa visu ukielekea mbele kwenye ukuta wa kabini, na kufungwa kwa kamba sehemu mbili isiteleze wakati wa kushuka mlima. Haibebwi kwenye bodaboda ikiwa imelazwa upande mmoja hadi mwingine, hata ikiwa na kifuniko. Mzigo ukipelekwa kwa basi, mimi huandika kwa rangi nyekundu juu ya ndoo, «VISU – SHIKA FIMBO», kwa sababu onyo lisilosema mtu ashike wapi humwacha akibahatisha. Ikiwa stoo, keekee hutundikwa kwenye misumari miwili mikubwa, kwa usawa ambao mtoto hafiki, na kifuniko chake hakitolewi hata siku moja kwa ajili ya kulishia kuku. Ndoo nzuri ya bure nyumbani ina wanaoitamani wengi, na mimi huikata kuta zake mapema na kuitoboa kitako ili isifae kwa kazi nyingine yoyote.

Limebaki la visu vilivyokwisha. Vikibadilishwa, vile vya zamani visitupwe shimoni wala kuachwa karibu na mti mahali boliti zilipofunguliwa, kwani jembe la msimu ujao litavifukua au mguu utavikanyaga. Mimi hubana makali mawili yakitazamana, huvifunga pamoja kwa waya wa baindingi kupitia kwenye matundu ya boliti, na huvitia kwenye kopo la rangi lenye mfuniko. Kopo likijaa, mnunuzi wa vyuma chakavu hulichukua kama lilivyo, baada ya kuambiwa kilichomo.