Kikombe kilichomponyoka baba

Baba yangu alikuwa akilalamikia mguu. Mguu ndio uliotutoa Tanga mpaka Dar es Salaam, na ingekuwa juu yake yeye, daktari asingesikia habari nyingine yoyote.

Alifanya kazi bandarini miaka mingi, akastaafu na presha pamoja na pakiti ya sigara kwa siku. Kila baada ya alasiri alikuwa akitoka nyumbani kwetu Barabara ya 12, Ngamiani, kwenda kunywa kahawa na wazee wenzake. Mwaka 2022 akaanza kusimama njiani. Akitembea kama mita 100, shavu la mguu wa kulia linakaza kama limefungwa kamba. Atasimama, atajifanya anasalimiana na mtu, maumivu yataisha, ataendelea. Kituo kimoja kilimtibu baridi yabisi kwa miezi mitano, vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua, na muda wote huo hakuna aliyeweka kidole mguuni kutafuta mapigo. Bado linaniuma, kwa sababu baadaye niliambiwa vile vidonge vyenyewe vilikuwa vinampandisha presha.

Daktari aliyetuandikia rufaa alifanya jambo dogo sana. Alimpima presha mkononi, halafu akakivisha kipimo juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mkononi 160, mguuni 88. Kwa mtu ambaye mishipa yake iko wazi, presha ya kifundoni haipungui sehemu tisa kati ya kumi za ile ya mkononi. Ya baba ilikuwa imebaki nusu na kidogo. Mshipa umeziba, akasema, mwende kwa bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu.

Siku sita kabla ya safari, Alhamisi, tumekaa kibarazani. Mimi nashona vifungo vya sare za shule, baba ana kikombe chake cha kahawa. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, kahawa ikamwagikia kanzu. Nikamuuliza, "Baba, imekuunguza?" Akanitazama, akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake. Akajaribu tena. Nilimwona usoni kwamba yeye mwenyewe anajisikia na anashangaa. Nikakimbilia ndani kutafuta maji, sijui kwa nini maji. Zilipita kama dakika kumi, maneno yakarudi, na mkono nao ukarudi. "Si kitu mwanangu," akasema. "Uchovu tu."

Shangazi alikuja jioni akasema ni upepo, afukizwe. Akafukizwa. Sikubishana naye, ubani haukumdhuru. Kilichomdhuru, au kilichokaribia kumdhuru, ni sisi kulala nyumbani usiku ule. Tulipaswa kwenda hospitali muda uleule. Kiharusi kinachopita chenyewe namna hiyo ni onyo, na siku chache zinazofuata ndizo ambazo kile kikubwa huwa karibu zaidi. Mimi sikujua. Nilifanya moja tu la maana: nilichukua daftari langu la vipimo vya wateja, nikaandika ukurasa wa nyuma, "Alhamisi, saa 11 jioni, mkono wa kulia, maneno yamepotea, dakika 10."

Baba akaliona. Akaniomba nisiwaambie madaktari. "Watanizuilia mguu wangu," alisema.

Tulipanda basi Kange alfajiri. Njia nzima, Segera mpaka Chalinze, nilikuwa nimelipakata lile daftari nikijiuliza kama nitamvunjia baba heshima mbele ya watu. Tulipoingia kwa daktari, baba akaeleza mguu, vizuri kabisa, hatua kwa hatua. Daktari akauliza, "Kuna lingine, mzee?" Akajibu hakuna. Nikasema, "Samahani baba," nikafungua ukurasa wa nyuma.

Daktari akauacha mguu. Alimuuliza ulikuwa mkono upi, maneno yalipotea kabisa au yaliburuzika, jicho liliingia giza au la. Akamwekea kifaa cha kusikilizia shingoni, kushoto kisha kulia, akakaa nacho upande wa kushoto muda mrefu. Kisha akatuchorea. Mshipa mkubwa unaopandisha damu kichwani unagawanyika chini kidogo ya taya, na pale kwenye panda ndipo mafuta na chokaa hupenda kujijenga. Kipande kikimeguka, au bonge dogo la damu likiganda juu yake, linapanda na damu mpaka ubongoni. Ubongo wa kushoto ndio wenye mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno. "Mzee," akamwambia, "ugonjwa ulioziba mguu ndio huohuo ulioko shingoni. Mabomba ni ya nyumba moja."

Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha mshipa wa shingo ya kushoto umezibwa zaidi ya asilimia 80, wa kulia kama 40.

Nilitaka kujua kwa nini wasiufanye mguu kwanza, maana ndio uliotuleta. Jibu lake nimelishika. Mguu hauna kidonda, hauna weusi, haumuumi akiwa amelala, kwa hiyo unaweza kusubiri. Shingo haisubiri. Na ukimlaza mtu kwa upasuaji mkubwa wa mguu wakati shingo yake imetoa onyo juzi, presha ikishuka kidogo mezani, damu itakayofika ubongoni inaweza isitoshe. Halafu akatupa hesabu. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada, matokeo yake yakatoka 1991, ulifuatilia watu wenye onyo kama la baba na mshipa uliozibwa asilimia 70 na kuendelea. Waliopewa dawa peke yake, 26 kati ya 100 walipata kiharusi cha upande huo ndani ya miaka miwili. Waliopasuliwa shingo wakasafishwa mshipa, 9. Hakutuficha upande wa pili: upasuaji wenyewe unaweza kuleta kiharusi, na katika utafiti uleule karibu 6 kati ya 100 walipata kiharusi au walifariki ndani ya siku 30. Dawa za leo ni nzuri kuliko za wakati ule, alisema, lakini kwa mshipa huu na onyo hili bado anashauri kusafisha, tena ndani ya wiki mbili tangu dalili, maana faida inapungua kadiri siku zinavyokwenda. Sisi tulikuwa tumeshatumia siku saba.

Baba alininunia siku nzima. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele, ila aliagiza chai kupitia kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani badala ya kuniagiza mimi. Usiku akaniita. "Hivi siku ile nilikuwa nasema nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna neno lililotoka. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi waanze na shingo."

Walimfanyia siku ya 12 tangu kikombe kimponyoke. Walimpiga sindano za ganzi shingoni, hawakumlaza kabisa, ili wakati mshipa umebanwa waweze kumsikia. Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe. Walimpa mwanasesere wa mpira kwenye mkono wa kulia, yule anayelia akibinywa, na kila baada ya muda mfupi wakimwambia, "Mzee, binya." Akibinya, mwanasesere analia. Walimwambia pia aendelee kuongea. Hakujua aongee nini na watu waliofunikwa nyuso, akasoma Alhamdu, akairudia na kuirudia, na daktari wa usingizi akawa anaitikia amina kila anapomaliza. Kama mkono ungeacha kubinya au sura ingekatika katikati, wangejua papo hapo kwamba ubongo unakosa damu na wangepitisha damu kwa kijimrija.

Wodini nilielekezwa mambo ya kuangalia, na ningetamani kila ndugu aelekezwe hivyo. Shingo ikivimba saa 24 za kwanza, ita mtu usingoje, kwa sababu damu ikijikusanya pale inaweza kubana njia ya hewa. Presha isipande ovyo, maana ubongo uliozoea damu kidogo sasa unapokea nyingi. Kichwa kikimuuma vikali upande uleule, hata baada ya siku kadhaa na hata akiwa ameshatoka, mrudishe. Ulimi wake ulipinda kidogo kwa wiki tatu hivi, wakasema ni neva iliyovutwa, na ukanyooka.

Nyumbani kazi ikawa ya kila siku na haina sifa. Aspirini na klopidogreli za kuzuia damu isigande, dawa ya presha, na atorvastatini, dawa ya mafuta ya damu, usiku. Hiyo ya mwisho alitaka kuiacha kwa sababu kipimo cha mafuta hakikuwa kibaya. Daktari alishatuonya kwamba kazi yake ni pia kutuliza yale mafuta yaliyokwisha kujijenga kwenye mshipa yasimeguke. Sigara aliacha siku ya kikombe, hilo nampa heshima yake. Ng'onda na papa mkavu ndio waliokuwa mtihani. Niliwaloweka usiku, nikamwaga maji mara mbili, bado chumvi ilikuwa nyingi, mwishowe tukarudi kwa samaki wabichi wa Deep Sea na ndimu. Presha napima asubuhi na jioni, akiwa amekaa dakika tano, naandika. Kutoka 160 ikaja 130 na kitu, baada ya wiki nyingi.

Mguu ulisubiri miezi minne. Na hapo ndipo tulipokaribia kuharibu kila kitu. Simu ilikuja kutoka hospitali kupanga tarehe, sauti ikasema, "Asimamishe dawa zote za damu siku saba kabla." Baba akazikusanya zote akaziweka kabatini. Mimi nilikuwa nimeandika daftarini maneno ya daktari wa shingo: aspirini isiachwe bila yeye kuulizwa. Nikapiga simu na kuuliza moja moja, kwa jina. Klopidogreli isimame. Aspirini iendelee mpaka asubuhi ya upasuaji na baada yake. Atorvastatini iendelee. Mgonjwa wa mishipa akikatishiwa aspirini ghafla, damu yake inaganda kwa urahisi wakati mbaya kuliko wote. Nikamuuliza daktari wa usingizi pia kuhusu metoprololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo na presha, kwa kuwa jirani yetu aliwahi kuanzishiwa siku ya upasuaji ili kulinda moyo. Alisema anayeitumia siku zote aendelee nayo, ila hawaianzishi ghafla: utafiti wa watu zaidi ya 8,000 uliotoka 2008 ulionyesha mshtuko wa moyo ulipungua lakini viharusi na vifo viliongezeka.

Jambo moja halikuwa limenijia akilini kabisa. Viharusi vingi vya upasuaji havitokei mezani. Vinakuja baadaye, siku moja, mbili, tatu, mgonjwa ameshaamka na watu wameshapongezana. Na kwa kuwa amelewa dawa za maumivu, kusinzia kwake hakumshtui mtu. Kwa hiyo kila nilipomkuta macho nilimfanyisha matatu: onyesha meno, inua mikono yote miwili macho ukiwa umefumba, sema, "Waja leo, kuondoka majaaliwa." Sentensi hiyo kila mtu wa Tanga anaitoa bila kufikiri, ndiyo maana niliichagua.

Usiku wa pili, saa nane, alisema "Waja leo" akaishia hapo. Macho yananitazama, maneno hayaji. Nilimwita muuguzi nikiwa natetemeka. Akapima presha, ya juu ilikuwa 92. Daktari wa zamu akaja, wakamfungulia maji ya mshipa, wakamlaza chali, wakamulika macho, wakapima sukari. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake wa kulia nikisema moyoni, binya baba, binya. Akabinya. Presha ilipofika 125 akaimaliza sentensi, taratibu, na mikono ikainuka sawa. Asubuhi walimpiga picha ya kichwa, haikuonyesha kiharusi.

Sasa anafika kwa wazee wenzake bila kusimama, na Jumapili tunakwenda naye mpaka Raskazone kutazama meli. Shingo ya kulia inapimwa tena mwezi wa Machi. Safari hii amesema atamweleza daktari mwenyewe, na daftari analibeba yeye.