Vidole vinne kwenye pindo la kanga

Jumapili, saa tano usiku. Umeme umerudi, kompyuta imewaka, na bibi yuko mbele yangu kwenye kioo, amekaa kwenye kiti cha studio. Mkunjo umemkata kuanzia bega la kushoto hadi chini kwenye pindo la kanga. Wiki ya tatu hii namhangaikia.

Picha yenyewe ni ndogo, sentimita 9 kwa 13, nyeusi na nyeupe, ilipigwa Tanga. Nyuma pameandikwa 1968 kwa kalamu ya wino, basi. Mama aliniomba kitu kimoja tu: "Nitengenezee, nataka niitundike sebuleni." Ningeweza kumpelekea fundi wa picha pale kituoni, siku mbili kazi imekwisha. Lakini kazi zao nimeziona: ngozi imelainishwa mpaka mtu anafanana na sabuni, na nyuma yake yamewekwa maporomoko ya maji. Nikasema nitajifunza mwenyewe. Nikapakua GIMP, programu ya kurekebisha picha, kwanza kwa sababu ni ya bure, pili kwa sababu kompyuta yangu ni kikongwe na haitaki makuu.

Kosa la kwanza nililifanya steshenari, kabla hata sijaigusa programu. Kijana wa pale aliniuliza askani kwa ngapi, nikamjibu "ya kawaida tu." Ya kawaida kwake ni nukta 300 kwa inchi. Kwa picha ya ukubwa ule unapata kama pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 1,060 kwa 1,535, na ukivuta karibu, jicho la bibi linageuka vigae vya bafuni. Nikarudi kesho yake nikaomba 600. Hapo nikapata pikseli zaidi ya milioni sita, na ushanga shingoni ukahesabika. Vumbi la kioo cha mashine nalo likahesabika.

Kifaa nilichokipenda mapema ni kloni. Unashikilia Ctrl, unabofya mahali pazima, kisha unapaka palipoharibika. Pikseli za kule zinakuja kubandikwa huku kama zilivyo. Jirani yake ni kifaa cha kuponya. Hicho nacho unakionyesha pa kuchukulia, ila kinachoazima ni umbile tu, yaani ile chenga ya ngozi au ya karatasi. Mwanga na rangi kinafuata za pale unapopaka. Kwa shavu na paji la uso hakina mfano. Lakini ukikikaribisha mpakani mwa giza na mwanga, tuseme pale nywele zinapokutana na ukuta, kinavuta weusi na kuacha kitu kama masizi. Nimelijua hilo baada ya kumpaka bibi masizi sikioni mara nne. Siku hizi nikifika mpakani narudi kwenye kloni, brashi ndogo, ncha laini, na mkono mwepesi.

Usiku wa kwanza wa kazi hiyo nilifanya mpaka saa nane. Niliziba mkunjo wote wa begani. Nilifuta doa kubwa la unyevu lililokuwa pembeni chini, upande wa kushoto, nikapanua zulia la studio mpaka likafika ukingoni bila alama. Kisha, kwa vile picha ilikuwa imefifia, nikatafuta kwenye menyu ya rangi nikakutana na amri ya kusawazisha. Nikaibonyeza. Picha ikang'aa! Nikamtumia mama mkubwa Tanga kwa WhatsApp kabla hata sijalala.

Jibu lake lilikuja asubuhi, kwa sauti, baada ya shikamoo yangu kuitikiwa kwa haraka haraka. "Marahaba, mwanangu. Sasa huyu umempaka unga ni nani? Mama alikuwa mweusi."

Nilikaa na histogramu siku nzima ile. Ni kilima tu kilichochorwa, kushoto 0 ndiyo weusi kabisa, kulia 255 ndiyo weupe kabisa, na urefu wa kilima unakuonyesha pikseli ngapi zina mwanga wa kiasi gani. Amri ya kusawazisha inataka pikseli zisirundikane popote, zigawane uwanja mzima. Picha ya bibi ina giza jingi: uso, mikono, pazia la nyuma. Kwa hiyo programu ilipoona zimejazana kushoto ilizisukuma kulia, na uso ukasukumwa pamoja nazo mpaka ukawa kijivu cha majivu. Haikukosea hesabu. Ila haijui kwamba uso wa mtu mweusi kukaa kushoto mwa kilima si hitilafu ya kurekebishwa.

Nikafungua dirisha la viwango, lenye mishale mitatu: weusi, katikati, weupe. Mshale wa weusi nikausogeza mpaka pale kilima kinapoanza kupanda, wa weupe nikauvuta kidogo, wa katikati nikauacha karibu ulipokuwa. Ufifi ukaondoka na bibi akabaki na rangi yake. Mng'ao mdogo juu ya mfupa wa shavu, ambao kule kusawazisha kulikuwa kumeumeza, ukarudi. Nilikuwa sijawahi kuuona hata kwenye karatasi.

Lakini mama mkubwa alikuwa na ujumbe wa pili wa sauti, na huo ndio ulionikosesha amani. "Na mkono wangu umeupeleka wapi?"

Nikampigia. Akanieleza huku anacheka. Siku ile alikuwa na miaka minne hivi, amekwenda studio na mama yake, naye akataka kuingia kwenye picha. Mpiga picha akamsogeza pembeni, akamkalisha chini nje ya fremu, akamwambia atulie. Akatulia, ila pindo la kanga hakuliachia. "Pale chini, kwenye lile doa. Mimi nilikuwa nauona kila tukitoa picha. Nyie mlikuwa mnaona doa."

Nikakimbilia kompyuta kurudisha. Hakuna cha kurudisha. Nilikuwa nimepaka moja kwa moja juu ya picha iliyoskaniwa, na nilipomaliza nikachagua kuandika juu ya faili lilelile la JPG. GIMP ina utaratibu ambao mwanzoni niliuona usumbufu: ukisema hifadhi, inakupa faili la XCF; JPG lazima uisafirishe kwa amri yake, au uandike juu ya ile ya zamani. XCF ndiyo inayotunza matabaka, leya kama wanavyosema mafundi, yaani picha zinazopangwa moja juu ya nyingine kama karatasi za plastiki angavu. Herufi hizo zimetokana na jina la kikundi cha wanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Spencer Kimball na Peter Mattis walianza kuiandika programu hii mwaka 1995. Wanafunzi wale walinitengea njia ya salama. Mimi nikapita ya mkato.

Nikarudi steshenari mara ya tatu. Yule kijana akaniona mlangoni. "Bibi hajambo?"

Safari hii picha ya asili nimeiacha chini kabisa na kuifunga isiguswe. Juu yake nimeweka tabaka tupu, na kwenye kloni nimewasha chaguo la kuchukua sampuli kutoka matabaka yote, ili marekebisho yaangukie kwenye tabaka tupu peke yake. Ukilizima unauona mkunjo, ukiliwasha unapotea. Kwa lile doa nilitaka mwanga tofauti na picha nzima, nikajifunza barakoa: unanakili tabaka, unalipandisha mwanga, unalivika barakoa nyeusi, kisha unapaka kwa brashi nyeupe pale tu unapotaka lionekane. Nyeupe hufichua, nyeusi huficha, kijivu ni nusu kwa nusu. Nilirudiarudia maneno hayo kwenye daladala kama mtoto wa chuoni.

Nikapaka polepole juu ya doa. Likatoka zulia. Kikatoka kivuli. Halafu kikatoka kidole, na kingine, vikawa vinne, vimekunja pindo la kanga kwa nguvu hata kitambaa kimeingia makunyanzi. Gumba liko upande wa pili. Sikugusa tena pale.

Kilichobaki usiku wa leo ni maandishi ya kanga. Bibi amekaa, pindo limeteremka, na jina linasomeka nusu: KAMA MAMA. Neno la mwanzo limekatwa na mkunjo. Rangi ya karatasi imebanduka kabisa, umebaki mguu mmoja uliosimama, ambao unaweza kuwa wa N au wa H. Mama anasema ni HAKUNA KAMA MAMA, kanga hiyo aliikuta sandukuni alipokuwa msichana. Mama mkubwa anasema ni NANI KAMA MAMA, na yeye ndiye aliyekuwa ameishika. Kupima nafasi hakusaidii, kitambaa kimejikunja gotini. Nimefikiria kuazima herufi kwa kloni. Zilizopo ni K, A na M. N haipo, na majibu yote mawili yanaihitaji.

Mkunjo wa juu nimeuziba. Ule wa kwenye maandishi nimeuacha na mguu wake mmoja.

Mama anataka picha ya kujaza ukuta. Nimemwambia kwa pikseli tulizonazo, tukichapa kwa nukta 300, tunapata sentimita 18 kwa 26, tukizidisha hapo vidole vya dada yake vitaanza kufifia. Amenyamaza kidogo kwenye simu. "Basi 18," akasema, "lakini fremu nachagua mimi."