Namba 4 ya meno, watoto wawili tofauti

Jamani hili suala la meno ya vijana linaniuma sana. Wataalamu wanahesabu meno yaliyooza, yaliyong'olewa sababu ya kuoza na yaliyozibwa, wanajumlisha, na WHO wanataka wapimwe hasa wa miaka 12 na 15. Sawa, ila jumla peke yake haitoshi kabisa, maana kijana mwenye manne yaliyozibwa kuna mtu alimpeleka kwa daktari, mwenye manne yenye matundu meusi, anatafunia upande mmoja tu na usiku anameza Panadol ndo alale, huyo ameachwa, na kwenye fomu wote wanasoma 4! Wapimaji wakija shuleni wamuulize pia yanauma tangu lini, na nyumbani nani anajua.