Kocha na somo si mtu mmoja jamani

Siku hizi mtu akikutumia mawaidha mawili WhatsApp basi ndo menta wako. Mie nimewapata wote, kocha na menta, na si kitu kimoja hata kidogo.

Kocha nilikaa naye miezi mitatu pale nilipotaka kuacha kazi ya hoteli Nungwi nianze biashara ya mikoba ya ukili. Wallahi alinichosha, kila nikimuuliza nifanyeje ananirudishia suali, unataka nini khasa, sasa hivi uko wapi, njia zipi unazo, na ipi utaifanya kabla ya Ijumaa? Baadae nkaja kujua kumbe ule ni utaratibu kabisa wanauita GROW, John Whitmore wa Uingereza ndo mmoja wa walioueneza. Kazi yake ndo hiyo, kukubana mpaka jibu litoke kwako mwenyewe, muda ukisha mnaagana.

Menta habari nyengine. Sie huku Zanzibar tunamjua zamani, si ndo somo, yule bibi anayemfunda mwari unyagoni? Bi Kidude, aliyefariki 2013, dunia inamjua kwa taarab lakini alikuwa pia mwalimu wa unyago. Somo keshapita njia, anakwambia hapa pana shimo. Wangu ni bi mkubwa mmoja wa Makunduchi, hana saa wala malipo. "Mwanangu, bei hiyo unajiibia," basi, nkapandisha siku ile ile.

Ila siri jamani! Kabla ya huyu kocha alikuwepo mwengine, nlomwambia ya nyumbani kwangu nkaja kuyasikia Forodhani kwenye urojo. Sikurudi tena.