Nani alishona mfarishi mkubwa?

Ugomvi ulianza na kishungi cha pamba kilichochungulia kwenye pindo. Tulikuwa tumeutandaza kitandani mfarishi mkubwa wa bibi, lile tandiko lenye uso wa viraka, ujazo katikati na kitambaa cha mgongo, vyote vikishikwa pamoja kwa mishono ya bandi, shuka jeupe chini yake, mimi nina daftari na penseli, binamu yangu kapanda ngazi na simu ili apige picha kutoka juu. Nikauliza swali ambalo nilidhani halitachukua hata dakika: huu kashona nani?

"Andika mama yake bibi yako," akasema baba mdogo hapohapo. "Aliushona mwenyewe kabla hajafa. Wa miaka ya 1940 huo."

Mama alikuwa kasimama mlangoni. "Mimi nilimwona mama mkwe akiushona, kwa macho yangu haya. Nilimshikia upande wa pili."

"Shemeji, wewe uliolewa ukaukuta."

"Niliukutaje, shemeji, na uzi kwenye sindano nilikuwa natunga mimi?"

Binamu akashusha simu. Shangazi, mkubwa wao wote, alikuwa kiti cha pembeni hasemi kitu. Wakati ule macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, tukadhani hata hafuatilii.

Bibi alikuwa ameshafariki, na wanawe walikubaliana kwamba mifarishi iliyokuwa kwenye kasha lake igawanywe. Mimi niliomba jambo moja tu: kabla haijatawanyika, kila mmoja upigwe picha, upimwe, na uandikiwe habari zake. Baadhi yao waliona ni makuu ya watu waliosoma. Sikubishana nao, maana kichwani nilikuwa na habari za Harriet Powers. Huyu alizaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alishona mfarishi wa visa vya Biblia, picha 11 za vitambaa, ukaonyeshwa mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akautamani, lakini Powers akakataa kuuza. Miaka michache baadaye shida ikambana, akamuuzia kwa dola 5. Sasa, kununua si kitu, wanunuzi wako wengi. Smith alimsikiliza Powers akieleza picha moja baada ya nyingine, akayaandika maelezo hayo. Leo mfarishi uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, na anayeutazama anajua huyu ni Adamu, yule ni Yakobo na ngazi yake, kwa sababu mshonaji aliulizwa angali hai.

Sisi bibi hatukumuuliza. Walikuwa wamebaki waliomwona akishona, na hao ndio niliotaka kuwawahi.

Utaratibu wenyewe niliuiga kwa wenzetu. Jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 1981, ulianzishwa mpango wa kuwaita watu walete mifarishi ya nyumbani kwao, ipigwe picha na kuandikwa, kisha kila mtu aondoke na wake. Hakuna anayenyang'anywa kitu. Kwetu tulifanya hivyohivyo chumbani. Picha ya uso mzima, ya mgongo, ya kona, ya kila palipochanika, na futi ya fundi imelazwa pembeni ili ukubwa uonekane. Kalamu ya wino nilizuia isiingie chumbani. Tone moja la wino kwenye kitambaa cha miaka mingi halina dawa.

Mifarishi midogo haikutusumbua. Mmoja ulikuwa na viraka vya kahawia iliyoiva ambavyo vilikuwa vikipukutika kwa kuguswa tu, wakati vya jirani yake, vya umri uleule, vilikuwa vizima kabisa. Mke wa baba mdogo akasema panya. Si panya. Rangi za zamani za kahawia na nyeusi mara nyingi zilikazwa kwa chumvi za chuma, na chuma kile huila pamba polepole hata ikiwa imefungiwa. Mwingine ulikuwa na msitari wa manjano mahali ulipogusana na ubao wa kasha, kwa sababu mbao hutoa asidi. Miaka yote hiyo tulilisifu lile kasha kwamba ndilo limeitunza mifarishi! Pini zilizokuwa zimesahaulika ndani zilikuwa zimeshaacha kutu. Tukazichomoa, tukaandika, tukaendelea.

Basi tukarudi kwenye ule mkubwa, na wale wawili hawajapoa.

Nikakitazama tena kile kishungi pale pindo lilipofumuka. Kilikuwa cheupe mno na kilikuwa kinateleza vidoleni, hakina ule ukavu wa pamba. Nikavuta nyuzi chache kwa kibanio, nikachomoa na ncha ya uzi uliolegea kwenye kiunganisho cha viraka, tukatoka nje na kiberiti na sahani ya maji. Wote walinifuata, hata mama aliyekuwa amesema hana haja ya ushahidi. Ule uzi wa viraka uliwaka kama karatasi, ukaacha jivu laini la kijivu lililopeperuka. Zile nyuzi za ndani hazikuwaka hivyo. Zilijikunja, zikarudi nyuma kuukimbia moto, zikayeyuka, zikaacha kidonge cheusi kigumu ambacho hata kwa ukucha hakikupasuka.

"Poliesta," nikasema.

Baba mdogo akakichukua kile kidonge, akakigeuzageuza. Poliesta, nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia Whinfield na Dickson, lakini nguo zake zilianza kuenea miaka ya 1950. Mama yake bibi alifariki 1948. Nilipolieleza hilo, baba mdogo alinyamaza. Mama hakunyamaza.

"Si nilisema? Nikaambiwa niliukuta."

Hapo ndipo shangazi alipoita kutoka ndani. "Nileteeni hiyo nguo hapa."

Tuliubeba tukiwa tumeushika na shuka lake la chini, maana mfarishi wa zamani haubebwi kwa kushika ncha; uzito wake wenyewe hukata mishono. Tukamlazia upande mmoja mapajani. Shangazi hakuinama kutazama. Alipitisha kidole gumba juu ya viunganisho vya viraka, taratibu, kisha mkono mwingine ukaingia chini, mgongoni. Alikaa hivyo muda, mkono mmoja juu na mmoja chini, midomo ikimchezacheza.

"Juu hapa ni bibi yangu," akasema. "Mishono midogomidogo, uzi umevutwa mpaka kitambaa kimefinyana kidogo. Hakujua kulegeza mkono. Huku chini ni mama. Mama alikuwa na haraka, bandi zake ndefu."

"Kwa hiyo wawili?" nikauliza.

"Mwanangu, ndani mlikuwa na blanketi la sufu. Mimi nimelilalia. Likaingiwa na nondo, likawa vumbi tupu. Mama akafumua mfarishi wote, akatupa blanketi, akabakiza uso peke yake. Ukakaa kwenye kasha miaka mpaka wifi huyu alipokuja."

Baba mdogo akasema hayo hajawahi kuyasikia. "Ulikuwa huulizi," shangazi akamjibu.

Neno la mtu ni neno, ila nilitaka kuona kama nguo yenyewe ina la kusema. Tukafunga pazia, binamu akawasha tochi ya simu akailaza ubavuni, mwanga ukapita juu ya kitambaa badala ya kukimulika usoni. Mishono ya bibi ikasimama yote, misitari iliyonyooka, mirefu, inavuka viraka bila kujali. Kisha, kwenye viraka vya buluu iliyopauka, tukaiona mingine. Vitone vidogo vya buluu iliyokoza, kimoja baada ya kingine, vimepinda nusu duara, na karibu na baadhi yake kulikuwa na tundu la sindano lisilo na uzi. Pale uzi wa kwanza ulipokuwa umekikinga kitambaa, jua halikufika, rangi ikabaki. Uzi wenyewe ulikuwa umeshafumuliwa. Nusu duara zile hazikulingana popote na misitari ya bibi.

Binamu alipiga picha nyingi hapo kuliko mahali pengine popote, na sikumzuia.

Kwa kuwa shangazi alikuwa amefungua mdomo, niliketi chini karibu na kiti chake nikamwomba anitajie viraka. Alivitambua kwa vidole kuliko wenye macho walivyoviona: kaki nzito ya suruali za kazi za babu yake, hariri iliyokatika ya ukingo wa gauni, shati la baba yangu alipokuwa mtoto, hilo likiwa kiraka alichokitia bibi baadaye kuziba tundu. Nikaviwekea namba kwenye mchoro, mraba kwa mraba. Alipofika kwenye kiraka chekundu karibu na katikati, mkono wake ulisimama.

"Hicho acha."

"Kilikuwa cha nani, shangazi?"

"Nimesema acha."

Nikaandika kwamba mwenye kitambaa anajulikana na hakutajwa. Hilo nalo ni habari.

Tulipofika kwenye kuandika jina la mshonaji, kelele zilirudi. Mwishowe niliandika hivi: uso ulishonwa na mama yake bibi, kabla ya 1948, ujazo, mgongo na bandi ni kazi ya bibi, miaka ya 1970, mkwewe akimshikia. Mama alisimama nyuma ya bega langu mpaka akaona nimeandika jina lake lote. Baba mdogo naye akataka iongezwe "kwa maneno ya dada yangu", akidhani labda anaidhoofisha kauli. Nilimshukuru. Maelezo yasiyotaja nani kayasema siyaamini hata yakiwa yangu, na hata mambo ya poliesta nimeyawekea jina langu pembeni, pamoja na kile kidonge cheusi ndani ya bahasha.

Mke wa baba mdogo alitaka tuufue kabla haujaenda popote. Tukalowesha pamba nyeupe kidogo, tukaibonyeza juu ya kile kiraka chekundu, ikatoka ya waridi. Mjadala wa kufua ukafia hapo. Tulitandika chandarua juu yake na kufyonza vumbi kwa mashine iliyopunguzwa nguvu. Pale nyuma kwenye kona nilishona kipande cha utepe wa pamba wenye namba ya daftari, sindano ikishika kitambaa cha mgongo tu isifike usoni.

Wakati wa kugawana hakuna aliyebishana: shangazi alisema mkubwa anauchukua yeye, na atajifunika. Nikaanza kumweleza habari za jasho, za mwanga, za kuuviringisha na kuuhifadhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umeshamaliza kuandika?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Basi niache nilale."

Tulielewana kwamba kitanda chake kitasogezwa mbali na dirisha, na kwamba binamu, anayeishi naye, atakuwa akikagua ile hariri iliyokatika na kuishonea wavu mwembamba juu yake ikianza kupukutika. Nakala za daftari tuligawana nyumba kwa nyumba pamoja na picha. Baba mdogo aliomba mbili.