Nilivyozipata dakika zangu za kusafisha filamu

Kwa muda mrefu negativu zangu, yaani filamu zilizokwisha kusafishwa, ambazo jeupe huonekana jeusi na jeusi jeupe, zilikuwa na ugonjwa uleule: shati jeupe lilitoka kwenye picha kama tundu. Hakuna mkunjo wala kifungo, weupe mtupu. Nilikuwa natumia HP5 Plus, filamu ya ISO 400 (namba inayoonyesha wepesi wa filamu kuhisi mwanga), na dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jedwali la watengenezaji linasema dakika 13 kwenye nyuzijoto 20, nami nilizifuata bila kupunguza hata sekunde. Picha za siku za mawingu zilipendeza. Za jua kali zilinivunja moyo.

Kabla ya kugusa dakika, nilikagua namna yangu ya kufanya kazi. Nilitumbukiza vipimajoto vyangu viwili kwenye bakuli moja la maji. Kimoja kikasoma 20, kingine 22. Si tofauti ndogo, kwa sababu kila digrii inayoongezeka hudai upunguze karibu sehemu moja ya kumi ya muda. Nilichagua kimoja, nikakifunga utepe mwekundu, na tangu hapo hakuna kingine kinachoingia kwenye dawa. Kwa kazi hii, kipimajoto kinachokosea kwa kiasi kilekile kila siku ni bora kuliko viwili vinavyobishana.

Kutikisa nako kulikuwa ovyo. Nilikuwa nalipindua tangi kila nikikumbuka, na kadiri dawa inavyochochewa ndivyo sehemu zenye mwanga mwingi zinavyozidi kukolea kwenye negativu. Nikajifunga na utaratibu mmoja: kupindua mara 4 katika sekunde 10 za kwanza, kisha mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Saa naianzisha ninapoanza kumimina dawa ndani, na muda unaisha ninapoanza kuimwaga.

Ndipo nikafanya jaribio lenyewe. Nilitundika juani sweta jeusi la kufumwa na taulo jeupe kando yake, nikaweka kamera kwenye stendi, nikamaliza mkanda mzima wa picha 36 hapohapo. Nilipiga kwa mzunguko wa picha tatu: ya kwanza nikipima mwanga kwa ISO 400, ya pili kwa 250, ya tatu kwa 200, kisha narudia. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo filamu inavyopata mwanga zaidi. Mara 12. Kwa njia hiyo, popote nitakapokata mkanda, kila kipande kitakuwa na aina zote tatu.

Kukata kunafanyika gizani kabisa, kwa hiyo nilibandika vipande viwili vya utepe mezani, sentimita 46 kati yao, urefu wa picha 12 hivi. Taa ikazimwa, vidole vikatafuta utepe, mkasi ukafanya kazi. Kipande kimoja kikaingia kwenye tangi, viwili vikasubiri kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Kila kimoja nilikisafisha kwa dawa mpya: dakika 13, dakika 11, dakika 9. Mengine yote, hadi kukazia na kuosha, yalikuwa sawasawa.

Sina mashine ya kupima ukolevu wa negativu, na sikuiona haja yake. Karatasi ndiyo hakimu. Nilichukua ukingo mtupu wa filamu, ule usiopigwa na mwanga, nikautafutia kwenye mashine ya kukuzia muda mfupi kabisa unaoifanya karatasi ya gredi 2, yaani ya ukali wa wastani, iwe nyeusi tii. Nikaufuata muda huo kwa picha zote tisa, bila kugusa urefu wa mashine wala tundu la lenzi. Huruma ya kumwongezea huyu sekunde na kumpunguzia yule ingeharibu kila kitu.

Zilipokauka nilizipanga mezani na kukaa nazo jioni nzima. Nilianza na sweta. Katika picha zilizopimwa kwa 400 lilikuwa bonge jeusi kwenye vipande vyote vitatu. Hata dakika 13 hazikulisaidia kitu cha maana. Kwa 250, nyuzi za ufumaji zikajitokeza mojamoja. Nikageukia taulo. Kwenye dakika 13 lilikuwa karatasi tupu. Kwenye dakika 9 liliguswa na rangi ya majivu, picha nzima ikaonekana imechoka. Kwenye dakika 11 lilikuwa jeupe kweli, na vile vitanzi vidogo vya uzi vilikuwa vinahesabika.

Hapo ndipo nilipoielewa kanuni ya wapiga picha wa zamani, ile ambayo Ansel Adams na Fred Archer waliijengea mfumo mzima wa kanda (Zone System), unaogawa mwanga wa picha kwa ngazi kutoka nyeusi hadi nyeupe, karibu na mwaka 1940: vivuli hupatikana kwenye kamera, mwanga hutawaliwa kwenye tangi. Pale ambapo filamu haikupata mwanga wa kutosha, dawa haina cha kushika. Pale palipopata mwanga mwingi, kila dakika inaongeza weusi kwenye negativu. Nilikuwa nazilaumu dakika kwa makosa mawili, na moja lilikuwa la kipimo cha mwanga.

Kwa hiyo juani napima kwa 250 na kusafisha dakika 11. Siku za mawingu narudi dakika 13, maana mandhari yenyewe ni bapa na inahitaji kusukumwa. Namba hizi ni za kipimajoto changu, mkono wangu na mashine yangu ya kukuzia. Mwenye mashine inayotoa picha kali zaidi huenda akazipunguza tena. Yaani usizinakili. Kata mkanda.

Sasa nimenunua FP4 Plus, ya ISO 125. Kwa dawa hiyohiyo jedwali linasema dakika 11. Sweta na taulo viko kambani tangu asubuhi, nasubiri jua lipande.