Nilivyoshuka kutoka milimita 44 hadi 37

Kifundo cha mkono wangu kina mzunguko wa sentimita 16. Kwa mwanamume wa umri wangu ni chembamba, lakini kwa miaka mingi nilivaa saa kubwa, na nilizipenda kwelikweli. Ya kila siku ilikuwa na kasha, yaani mwili wa saa bila mkanda, lenye upana wa milimita 44, ya chuma tupu, nzito kiasi kwamba nikiivua jioni nauona mkono umekuwa mwepesi. Siku hizi navaa milimita 37, na mara nyingine chini ya hapo. Naeleza nilivyofika huku kwa sababu naona vijana wengi wananunua saa kwa kutazama namba moja tu kwenye tangazo, na namba hiyo peke yake haitoshi.

Ladha ya saa kubwa ina chimbuko lake. Kampuni ya Panerai ya Italia iliwahi kuwatengenezea wapiga mbizi wa jeshi la majini la nchi yake saa za milimita 47, ili zisomeke gizani chini ya maji. Mwaka 1993 ikaanza kuwauzia raia, kisha mwigizaji Sylvester Stallone akazipenda na kuzivaa, na jina likaenea. Mwaka huohuo Audemars Piguet ikatoa Royal Oak Offshore ya milimita 42, kubwa mno kwa macho ya wakati ule. Mwaka 2002 IWC ikaja na saa ya rubani ya milimita 46. Sisi wa huku hatukuzigusa hizo, ila umbo lake lilitufikia Kariakoo kwenye saa za bei ya kawaida, na kwa mwalimu kijana aliyepata mshahara wa kwanza lilikuwa umbo la mafanikio.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume kabisa. Calatrava ya kwanza ya Patek Philippe, ya mwaka 1932, ilikuwa na milimita 31 hivi, na ilikuwa saa ya wanaume. Datejust ya Rolex ilipotoka mwaka 1945 ilikuwa milimita 36, na hiyo ikabaki saizi ya mwanamume mwenye heshima zake kwa miongo mingi. Marehemu mjomba wangu alivaa Seiko 5 maisha yake yote ya kazi, na ukiiweka leo karibu na saa za dukani utaambiwa ni ya kike.

Kilichonisukuma kubadilika kwanza ni kazi. Nafundisha hesabu, siku nzima mkono uko ubaoni au juu ya daftari. Saa yenye unene wa milimita 15 haiingii chini ya mkono wa shati uliofungwa kifungo. Inakwama, inachakaza kitambaa, na kile kitufe cha kutegea majira kinachoma mgongo wa kiganja kila ukiegemea meza. Nilivumilia muda mrefu kwa sababu nilipenda uso wake. Mapenzi hayo hayakuisha siku moja, yalipungua taratibu, mpaka nikagundua kwamba ninapofika nyumbani jambo la kwanza nilifanyalo ni kuvua saa.

Aliyenipa ufunguo ni fundi saa mmoja mzee, mwenye meza yake barazani, niliyempelekea saa ile apunguze pingili za mkanda. Aliutazama mkono wangu kuliko alivyoitazama saa.

“Mwalimu, wewe unapima upana,” akaniambia. “Pima kutoka ncha mpaka ncha.”

“Ncha zipi, mzee wangu?”

Akanionyesha zile pembe nne zinazoshika mkanda, mbili juu na mbili chini. Umbali kutoka pembe ya juu hadi ya chini ndio unaoamua kama saa itakaa au itaning’inia. Pembe zikivuka ukingo wa mkono, mkanda unaacha uwazi pembeni, na saa inayumba hata ukiikaza. Sehemu bapa ya mkono wangu ina milimita 50 hivi. Saa yangu ya 44 ilikuwa na zaidi ya hizo kutoka ncha hadi ncha.

Nikaanza kufanya kitu rahisi. Kila saa niliyoitamani nilitafuta vipimo vyake, nikachora umbo kwenye karatasi ngumu, pembe zikiwemo, nikakata na kuliweka mkononi. Kisha nilijitazama kwenye kioo kikubwa, nimesimama, mkono umening’inia. Hili la kioo nalisisitiza. Ukiinamia mkono wako, saa iko karibu na jicho na inaonekana kubwa kuliko watu wengine wanavyoiona. Na picha zilizopigwa karibu kwenye matangazo zinadanganya zaidi.

Vikaratasi vile vilinifundisha mengi. Seiko SKX007 ya kuzamia, iliyopendwa dunia nzima mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2019, ina kasha la milimita 42, lakini ncha hadi ncha ni 46 tu, ndiyo maana mikono mingi myembamba inaiweza. Zipo za milimita 40 zenye pembe ndefu zilizonyooka ambazo kwangu hazikai kabisa. Casio GA-2100 ina zaidi ya milimita 48 kwa urefu, lakini mkanda wake unashuka moja kwa moja na unene hauzidi 12, kwa hiyo inatulia. Rangi nayo ina nguvu: uso mweupe wenye pete nyembamba kuzunguka kioo huonekana mkubwa kuliko mweusi wenye pete pana, hata kama kasha ni lilelile.

Mwishowe nilinunua Seiko 5 ya milimita 37, ya otomatiki, inayojijaza kwa mwendo wa mkono, jamaa wa ile ya mjomba. Wiki za mwanzo iliniona ndogo, au niseme mimi niliiona ndogo, kwa kuwa jicho lilikuwa limezoea sahani. Sikuibadilisha na ile kubwa. Niliivaa mfululizo mpaka jicho likatulia, na hapo 44 ndiyo ikawa inanishangaza. Siku za mvua navaa Casio F-91W, yenye upana wa milimita 35 na uzito wa gramu 21. Ni saa ya mwaka 1989 na kwangu bado hakuna inayoishinda kwa raha.

Nimefurahi kuona hata watengenezaji wakubwa wamerudi huku. Rolex Explorer ilikuwa milimita 36, mwaka 2010 ikapandishwa hadi 39, mwaka 2021 ikarudishwa 36. Tudor Black Bay ilianza na 41 mwaka 2012, ikaja ya 39 mwaka 2018, na mwaka 2023 ya 37. Sikununua kwa kuwafuata, na wakirudi kwenye 44 kesho sitawafuata pia.

Ile kubwa nilimpa mdogo wangu. Mkono wake ni mnene, saa imemkaa barabara, na simwambii mtu kama yeye apunguze. Mke wangu naye amehama kutoka upande wa pili: aliacha saa zake za milimita 26 kwa sababu hawezi kusoma akrabu bila miwani, akahamia 36. Sasa saa zetu zote mbili zinachukua mkanda wa milimita 18, na ule wa ngozi ya kahawia nilionunua kwa ajili ya Idi ameshauchukua yeye.